Hofu ya kupunguzwa kazi huuma kabla barua haijatoka

Mwishoni mwa Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi wa miradi ya afya Tanzania, Kenya na Uganda waliambiwa wakae nyumbani wasubiri. Wauguzi wa kliniki za VVU, washauri nasaha, maofisa takwimu na madereva walisubiri bila kujua kama wamefukuzwa, wamesimamishwa au wataitwa tena. Julai 1 mwaka huohuo USAID yenyewe ikaacha kazi rasmi.

Mjadala uliofuata ulihusu zaidi dawa za wagonjwa, na ulistahili. Afya ya wale waliokuwa wakizigawa dawa hizo ilisemwa kidogo mno. Wao na wenzao wa viwandani, benki na hoteli wanaopitia hali hiyo kila mwaka ni wagonjwa watarajiwa, na hilo lina ushahidi wa kutosha.

Ushahidi mmoja ulitoka London. Tangu 1985, watafiti wakiongozwa na Michael Marmot wamefuatilia afya ya watumishi wa umma zaidi ya 10,000. Utafiti ukiendelea, idara mojawapo ikatangazwa kwamba itabinafsishwa. Vipimo vya watumishi wake vilikuwa vimeshachukuliwa wakati kazi zao zikiwa salama, hivyo kulinganisha kukawa rahisi. Walipochunguzwa tena katika kipindi cha kusubiri, kabla idara haijauzwa, afya yao ilikuwa imeshuka kuliko ya wenzao wa idara nyingine. Matokeo hayo yalichapishwa 1995, na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba kuishi na wasiwasi wa kazi kwa muda mrefu kunaweza kudhuru sawa na kuikosa kabisa.

Sababu yake iko mwilini. Ubongo ukihisi hatari, huamuru tezi mbili zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda, ini hutoa sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Mpango huo unafaa kwa hatari inayokwisha haraka: umemwona nyoka, umekimbia, umepona. Tetesi za ofisini hazina mwisho wa namna hiyo. Kotisoli, ambayo kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka usiku, hupoteza mpangilio wake. Mtu anashtuka saa nane usiku akipiga hesabu ya kodi na ada ya shule, na usingizi haurudi. Baada ya miezi ya hali hiyo, daktari anakuta presha ya juu au sukari iliyopanda kwa mtu ambaye mwaka jana alikuwa mzima.

Hata kinga hulegea. Mwaka 1998 Sheldon Cohen wa Pittsburgh, Marekani, alichapisha jaribio ambalo watu 276 waliojitolea walitiwa puani matone yenye virusi vya mafua, kisha wakatengwa na kuangaliwa. Waliokuwa na tatizo la muda mrefu, hasa la kukosa kazi ya kutosha au ugomvi na watu wao wa karibu, waliugua zaidi kuliko wengine. Wote walikuwa wametiwa virusi vya mafua.

Takwimu nzito zaidi ni za jimbo la Pennsylvania. Wachumi Daniel Sullivan na Till von Wachter waliwafuatilia wanaume waliokuwa wamekaa kazini miaka mingi, kisha wakapunguzwa kwa mkupuo wakati viwanda viliposhuka katika miaka ya 1970 na 1980. Katika mwaka uliofuata, vifo miongoni mwao vilizidi vilivyotarajiwa kwa asilimia 50 hadi 100. Hiyo ni hesabu ya kundi zima, na haimtabirii mtu mmoja mmoja kifo. Lakini ukubwa wake unatosha kumfanya kila daktari amuulize mgonjwa wake: kazi ikoje?

Fedha ni sehemu kubwa ya madhara haya, ila si yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Marie Jahoda na wenzake walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kila familia ikakosa mshahara. Walidhani watakuta watu wamepata nafasi ya kusoma na kushiriki siasa. Walikuta kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu, ingawa ada ilikuwa imefutwa. Watafiti walisimama dirishani na saa mkononi wakapima mwendo wa wapita njia: wanaume walitembea polepole, wakisimama kila mara, na jioni hawakuweza kueleza siku ilikwenda wapi. Wanawake walitembea haraka zaidi, kwani kupika, kufua na kulea kulikuwa palepale.

Kutokana na kazi hiyo Jahoda alikuja kueleza kwamba ajira humpa mtu ratiba ya siku, watu wa kuonana nao nje ya familia, lengo la pamoja, heshima na shughuli. Vyote hivyo huondoka siku moja na mshahara. Ndiyo maana naona ushauri wa "pumzika kwanza, Mungu yupo" hautoshi, ingawa hutolewa kwa upendo. Aliyepunguzwa anahitaji saa ya kuamka, mahali pa kwenda na mtu anayemngoja huko, hata kama ni kwaya, shamba la jirani au kikundi cha kuweka akiba. Chuo Kikuu cha Michigan kilibuni mafunzo ya vikundi kwa wasio na kazi, ya siku chache tu, yakihusu kutafuta kazi na kujiandaa kukataliwa. Walioshiriki walipata kazi bora mapema zaidi na dalili za sonona zilipungua. 

Kinachonitia wasiwasi zaidi hapa Tanzania ni bima ya afya. Kwa wengi huisha na ajira, na mwenye presha au kisukari huanza kupunguza vidonge ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Usifanye hivyo. Baadhi ya dawa, kama atenolo na propranolo, zikikatishwa ghafla zinaweza kurudisha presha juu na kuhatarisha moyo. Mweleze daktari waziwazi kwamba bima imekatika. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi hiyohiyo. Na kama kwa wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, huli, hulali au unafikiria kujidhuru, nenda hospitali na useme hivyohivyo. Sonona inatibika.

Nanyi mliopunguzwa, msifiche barua nyumbani. Mwanaume anayevaa kila asubuhi na kuondoka kama anakwenda kazini huku ameshapunguzwa anabeba mizigo miwili, wa kukosa kazi na wa siri, na mara nyingi wa pili humpeleka kwenye mikopo ya kausha damu. Mke akijua mapema, matumizi yanapangwa upya kabla deni halijaingia ndani.

Waajiri nao wana wajibu wa kiafya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri wa Tanzania atoe taarifa mapema ya kusudio la kupunguza watu, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi au chama chao. Wengi huichukulia kama karatasi za kujikinga na kesi. Kwa ushahidi wa London, ukimya wa muda mrefu ni madhara kwa wafanyakazi, na taarifa ya kweli, hata ikiwa mbaya, hupunguza muda wa kuishi gizani.

Kwa aliyepata barua wiki hii, jambo moja halingoji moyo utulie. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, na siku hizo ndizo ambazo mtu hana nguvu hata ya kutoka kitandani. Mwombe ndugu au rafiki akusindikize CMA, kisha muende ofisi ya mfuko wako wa hifadhi ya jamii mkaulize masharti ya fao la kukosa ajira. Hakikisheni pia kiinua mgongo kimelipwa: kwa aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi na kupunguzwa, si chini ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10.