Upasuaji wa shingo: kisu ni nusu ya tiba

Juma hili tuzungumzie maradhi ambayo ni rahisi kuyadhania kuwa uzee, au uchovu wa miaka mingi ya kujitwisha mizigo. Ni kupinda kwa shingo ya mtu mzima. Kichwa huinama mbele kidogo kidogo, kidevu hukaribia kifua, na hata kumtazama usoni anayekuamkia huwa taabu.

Shingo ina pingili 7. Ndani yake umepita ugwe wa mishipa ya fahamu, mnene kama kidole cha mwisho, unaopeleka amri za ubongo mikononi, miguuni na kwenye kibofu. Pingili zikichakaa, zikivunjika kwa ajali au kuanguka mtini, au zikiliwa na kifua kikuu, shingo huweza kupinda na ugwe ukabanwa. Kifua kikuu cha mifupa si jambo geni: mwaka 1779 mpasuaji wa Kiingereza, Percivall Pott, alikwisha kueleza jinsi mgongo unavyopinda na miguu kupooza.

Dalili za ugwe kubanwa ni hizi: vidole vinashindwa kufunga vifungo vya shati, kikombe kinaponyoka, mtu anayumba kama aliyekunywa rubisi na hali hajaonja, au mkojo unamtoka bila hiari. Mgonjwa wa namna hii si wa kukandwa. Kumzungusha shingo kwa nguvu kunaweza kumpooza siku hiyo hiyo. Aliyeko Ngara aende Murgwanza, aliyeko Biharamulo aende hospitali ya wilaya, apate barua ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Kesi ngumu zaidi hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Si kila mgonjwa hupasuliwa. Wapo wa kifua kikuu wanaopona kwa dawa, nazo hutolewa bure. Inapobidi kupasua, daktari hukusudia mambo matatu: kuondoa kinachoubana ugwe, kuinua kichwa ili macho yatazame mbele, na kuzishika pingili kwa skrubu na vyuma. Huingilia mbele, penye koo, au nyuma, kisogoni, na pengine pande zote mbili. Hatari zipo: sauti kukwaruza, kumeza kwa taabu, vyuma kulegea, na kwa wachache kiungo kupooza. Mgonjwa na jamaa zake hawana budi kuelezwa haya kabla ya kutia sahihi.

Waelezwe pia kwamba ugwe uliobanwa kwa muda mrefu mara nyingi haurudii nguvu zake zote. Kwa aliyechelewa, faida kubwa ya upasuaji huenda ikawa kuzuia hali isizidi kuwa mbaya.

Halafu huja kazi ya nyumbani. Vyuma hushikilia tu. Kinachoponya ni mfupa kuungana, na hilo huchukua miezi, pengine hata mwaka. Katika muda huo hakuna ndoo kichwani, hakuna mkungu wa ndizi, hakuna jembe wala pikipiki kwenye barabara ya makorongo, mpaka daktari aruhusu. Sigara iachwe, kwani huchelewesha mfupa kuunga. Mazoezi yafanywe kama yalivyoelekezwa, na siku ya kliniki isipite.

Kliniki yenyewe, kwa mtu wa Ngara, ni safari ya Lusahunga, Biharamulo, Bwanga na Geita mpaka Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kungoja kivuko, lakini halikuondoa nauli. Kwa hiyo kikao cha ukoo kinachochanga fedha za upasuaji kichange na nauli za kurudi kliniki, na kiamue nani atachota maji na nani atalima shamba la mgonjwa msimu mzima.

Nazo hospitali za rufaa zimpe mgonjwa maelekezo kwa maandishi, kwa Kiswahili, ayafikishe kwenye zahanati ya kijijini kwake. Mganga wa zahanati ndiye atakayemwona kila juma. Asipojua kilichofanyika Mwanza, hatatambua mapema kidonda kinachotunga usaha wala mkono unaoanza tena kufa ganzi.