Mtungi Wangu Hauuzwi

Kila nikikaa miezi bila maumivu, jirani yangu, fundi wa kuchomelea, huniuliza kama mtungi wangu wa oksijeni unauzwa. Thubutu! Hapa Tabata nimeusimamisha chumbani karibu na dirisha, umefungwa mnyororo ukutani, mbali na jiko na sigara za wageni. Oksijeni yenyewe haiungui, ila huuchochea moto vibaya sana. Valvu haishikwi kwa mkono wenye mafuta, hata ya nazi.

Mtungi huu ni wa kutuliza kichwa changu cha klasta, ambacho si kipandauso. Hushika upande mmoja, kuzunguka jicho, chozi likitiririka na pua ikiziba, kwa dakika 15 hadi saa tatu, mara nyingi saa ileile ya usiku. Kisha hutoweka miezi, pengine miaka. Kikirudi hakipigi hodi, na saa nane za usiku utanunua gesi wapi?

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba oksijeni safi, lita 12 kwa dakika, ilituliza asilimia 78 ya mashambulizi ndani ya dakika 15. Hewa ya kawaida iliambulia asilimia 20. Kwa kasi hiyo shambulio moja hula lita 180, hivyo mtungi wangu wa lita 1,500 hutosha manane tu. Ndiyo maana nasoma geji kila mwezi na kukagua mfuko wa maski usije ukawa umepasuka. Vile vimashine vya lita tano vinavyochuja oksijeni hewani havifui dafu.

Kama daktari amekuandikia oksijeni, usirudishe mtungi kwa sababu tu unajisikia vizuri.