Treni Ambayo Wanafunzi Wangu Hawajawahi Kuiona

Likizo iliyopita nilijitolea kufundisha Kiswahili darasa la sita nyumbani kwetu Machochwe, wilayani Serengeti. Ijumaa moja, kipindi cha mwisho, watoto wamechoka na njaa inauma, nikaamua kuwasimulia hadithi ya Emil, kutoka kitabu cha Mjerumani Erich Kästner kilichotoka mwaka 1929. Mama yake Emil, msusi, anampa marki 140, nyingi zikiwa za kumpelekea bibi yake Berlin. Emil anazibana kwa pini ndani ya koti, anapanda treni, usingizi unampitia. Kuamka, pesa hakuna, na yule bwana mwenye kofia waliyekuwa naye hayupo.

Nikanyamaza nione watakavyoshtuka. Wapi! Mkono mmoja ukanyooshwa nyuma: "Mwalimu, kwani asingemwambia konda asimamishe?"

Hapo nikajua nimeanzia katikati. Mkoa wa Mara hauna reli. Iliyo karibu nasi inaishia Mwanza, ilikofika mwaka 1928. Watoto hawa wanajua basi, na basi letu ukisema "shusha" linasimama, hata kama ni kwenye mti tu.

Sasa tuulizane, wasomi wenzangu: kwa nini waandishi wa hadithi za upelelezi wanaipenda sana treni? Naona sababu tatu. Kwanza, inafungia watu ndani. Agatha Christie, katika riwaya yake ya mwaka 1934 kuhusu treni ya Orient Express, anaikwamisha treni kwenye theluji, abiria mmoja anakutwa ameuawa, na msomaji anajua kwamba mhalifu ni mmoja wa wachache walio mbele yake. Pili, treni ina ratiba, kwa hiyo kila mtu anaweza kuulizwa ulikuwa wapi saa fulani. Tatu, inawakalisha wageni uso kwa uso kwa saa nyingi. Mnagawana karanga na mtu usiyemjua hata jina.

Lakini treni peke yake haitoshi. Hadithi nzuri ya namna hii hucheza kwa haki: dalili huonyeshwa mapema, msomaji akaipita. Ile pini ya Emil inatajwa mwanzoni kama jambo dogo la mtoto mwangalifu. Mwishoni, mwizi akiwa benki, matundu ya pini kwenye noti ndiyo yanayothibitisha pesa ni za nani. Mtoto akifika hapo anarudi nyuma kusoma upya, na kurudi huko ndiko sisi wa elimu tunakohangaika kukufundisha kwa maswali ya ufahamu yasiyo na ladha.

Tulikwama pale mpaka binti mmoja akasema, "Mwalimu, ni kama basi la Arusha likiwa hifadhini." Kwa kweli nilitamani kumpigia makofi. Basi la kutoka Mugumu kwenda Arusha linakatiza Hifadhi ya Serengeti, na humo huwezi kushuka popote utakapo. Kuna simba. Mwizi akiiba baada ya geti la Ikoma, anabaki na nyinyi humo humo, anatazama twiga kama wengine.

Nikawaambia kila mmoja aandike hadithi yake ya basi hilo. Kijana mmoja, ambaye daftari lake la insha lilikuwa jeupe tangu nifike, aliandika ukurasa mzima. Sentensi yake ya kwanza ilitaja gunia la dagaa la mama mmoja. Pochi ikaibiwa, watu wakapekuliwa, haikuonekana. Mwishowe msichana wa hadithi akaomba kunusa mikono ya abiria: mwizi alikuwa ameificha pochi ndani ya dagaa. Tahajia ilikuwa shida tupu, lakini dalili aliiweka mapema, na sheria hiyo nilikuwa nimeitaja mara moja tu.

Kiswahili si kigeni katika kazi hii. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Baadaye wakaja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Ila hao ni wa wakubwa. Kwenye kabati la shule niliyofundisha sikukuta hata kitabu kimoja cha upelelezi cha kumpa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Kwa hiyo, wenzangu mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha: msiiache hadithi kwa sababu ina treni. Ulizeni kwanza, hapa kwenu mtu anafungiwa wapi na wageni? Ukerewe watasema kwenye kivuko. Anzieni hapo, halafu treni itaeleweka. Na zile insha za watoto msizichome baada ya kusahihisha. Za kwangu ninazo, nimeanza kuzichapa bwenini ili zirudi Machochwe zikiwa kitabu, hata kama ni cha kubana kwa pini.