Kuwaza mema si kuukana msiba

Siku hizi pana neno limeenea mjini kama moshi wa udi siku ya harusi: "Waza mema." Utalikuta limeandikwa nyuma ya matatu, utalisikia redioni alfajiri, na wauzao vitabu kando ya njia hawakosi kitabu kinachoahidi kwamba awazaye mema hupata mema. Aliyelitia nguvu neno hili duniani ni kasisi wa New York, Norman Vincent Peale, aliyetoa kitabu chake mwaka 1952 kikauzwa mamilioni. Tangu hapo vimefuata vingine vingi, na katika baadhi yao huwekwa picha ya Budha, ameketi macho ameyainamisha, kana kwamba ndiye mwalimu wa kwanza wa habari hiyo.

Ndugu msomaji, nataka tulipime neno hili pamoja, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu linavyoweza kumchoma mtu.

Nilikuwa uwanja wa ndege wa Moi, kule Port Reitz, Changamwe. Uwanja huu ulianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1979 ukapanuliwa ukawa wa kimataifa. Sisi watu wa pwani tumeujua kwa mambo mawili: watalii wanaokuja na watoto wetu wanaokwenda. Nilikwenda kumpokea mpwa wangu atokaye Maskati kwa njia ya Addis Ababa. Ndege ilichelewa, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba ingefika punde.

Kivulini, nje ya jumba la abiria, palikuwa na jamaa wa Kisauni wapatao kumi na wawili. Wanaume walivaa kanzu, wanawake mabuibui, na hakuna aliyecheka. Nikawatolea salamu na kuuliza wanamngoja nani. Mzee wao akanijibu kwa sauti ya chini kwamba wanangoja jeneza. Binti yao alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Habari ya kufa kwake ilikuja kwa simu, na karatasi za kumrudisha kwao zilichukua wiki saba.

Mamake aliketi juu ya leso iliyotandikwa sakafuni. Kijana mmoja katika jamaa, na nia yake njema, alimwinamia akamwambia, "Mama, usilie. Waza mema. Mtu akiwaza mabaya huyavuta."

Yule mama akanyanyua uso. "Kwa hivyo mwanangu amekufa kwa kuwa mimi niliwaza mabaya?"

Kijana akanyamaza, nasi sote tukanyamaza.

Karibu nasi alikuwa mzee wa Kisinhala, mtu wa Sri Lanka, mwonjaji wa chai. Mombasa ina mnada mkubwa wa chai, zinakouzwa chai za Kenya na za nchi jirani, na kazi hiyo ndiyo iliyomleta na kumkalisha hapa hata Kiswahili chake kikawa cha Mvita. Aliinuka, akaenda kununua chupa ya maji na kikombe cha chai, akaviweka mbele ya yule mama, akasema, "Pole, mama." Kisha akarudi kuketi, asiongeze neno.

Nikamwambia, "Mzee, wewe ni Mbudha. Wazee wenu husemaje mbele ya jambo kama hili?"

"Shekhe," akanijibu, "sisi tuna kisa cha hardali."

Kila aliyesoma chuoni anaijua hardali, kwani Kurani imeitaja chembe yake kuwa kipimo cha amali ndogo kabisa ambayo Mwenyezi Mungu hataiacha bila kuileta kwenye mizani. Kisa chao ni hiki. Mwanamke aitwaye Kisa Gotami alifiwa na mwanawe wa pekee. Akambeba maiti, akawa anapita kwa watu akitaka dawa ya kumfufua. Akafika kwa Budha. Budha akamwambia, "Niletee chembe za hardali, lakini zitoke katika nyumba ambayo hakujafa mtu." Akaenda mlango kwa mlango. Hardali ilikuwapo kila nyumba. Nyumba isiyofiwa hakuiona. Hapa baba, pale mtoto, kule mke. Jua lilipokuchwa akamzika mwanawe, akarudi mikono mitupu, na akili yake imerejea.

Angalia, msomaji, Budha hakumwambia asilie. Hakumwambia mtoto yu mahali pazuri, wala hakumlaumu kwa mawazo yake. Alimpeleka kwa watu, na kwa watu ndiko alikojua kwamba msiba wake si adhabu iliyomchagua yeye peke yake.

Hapa ndipo watengenezao vitabu vya furaha wanapomsingizia yule mtu wa kale. Siddhartha Gautama, mwana wa mtawala wa kabila la Shakya, yasemekana aliacha nyumba yake akiwa na miaka 29 kwa kuguswa na mambo matatu: uzee, maradhi na mauti. Mafunzo yake yanaanza kwa kukiri kwamba dhiki ipo. La pili ni kwamba dhiki ina chanzo, nacho ni tamaa na kung'ang'ania visivyodumu. La tatu, dhiki yaweza kukoma. La nne, kuna njia ya kuikomesha, yenye sehemu nane, na ndani yake mna kusema kweli na kutafuta riziki isiyomdhuru mtu. Mwenye kuanza na dhiki hawezi kuitwa baba wa wale wanaotwambia tusiitaje.

Yule mzee alinipa na mfano wa mishale miwili. Mtu apatwapo na dhara ni kama aliyechomwa mshale. Huo hauna budi kuuma. Kisha yeye mwenyewe huchukua mshale wa pili akajichoma: kwa nini mimi, nani kanifanyia, ningalifanya hivi lisingalitokea hili. Mshale wa pili, alisema, ndio tuwezao kuuweka chini. Nami nikawaza kwamba yule kijana, bila kukusudia, alimtia mama yule mshale wa pili.

Pengine msomaji atauliza, Muislamu ana haja gani na hekima ya Wabudha? Jibu ni kwamba wanazuoni wetu wa zamani hawakuogopa kuuliza. Baramika, mawaziri mashuhuri wa Harun al-Rashid, babu yao alikuwa msimamizi wa Nawbahar, hekalu la Kibudha la Balkh. Kisa cha Budha mwenyewe kilisomwa kwa Kiarabu kwa jina la Bilawhar na Yudasaf, na kwa njia hiyo kikapita kwa Wajojia na Wagiriki hata Ulaya, wakamfanya mtakatifu wao bila kujua ni nani. Naye al-Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, alipoandika juu ya dini na madhehebu alisema kwamba sifa wanazompa Budha zinakaribia za Khidhri.

Wala hawako mbali nasi. Wasinhala waliofika Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20 waliunda jumuiya yao, na hekalu lao liko Upanga hata leo. Nchini Uganda, Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyetawazwa kuwa mtawa Marekani mwaka 2002, alianzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe mwaka 2005. Amesimulia jinsi watu walivyoliona bakuli lake la sadaka wakadhani ni ngoma.

Tofauti zetu nao si ndogo, na sizifichi. Sisi tunasema msiba unatoka kwa Mola na kwake tunarejea, na kwamba subira ina malipo. Budha hakujenga mafunzo yake juu ya Muumba. Lakini katika namna ya kumkabili mfiwa, njia zinakutana. Tumepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpita mwanamke akilia kaburini, akamnasihi kuhusu subira. Mwanamke akamrudishia neno kali kwa kuwa hakumjua. Mtume hakumkaripia. Alipokuja baadaye kutaka radhi, akamfunza kwamba subira ni ile ya pigo la kwanza. Naye Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Imam Ghazali aliweka subira na shukrani katika kitabu kimoja cha Ihyaa, maana ni ndugu wawili. Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliuonya moyo wake mwenyewe kwa magofu ya Pate. Wapwani hatukuhitaji kufundishwa na mtu kwamba majumba huanguka.

Kuwaza mema nako kuna mahali pake. Sisi tunakuita husnu dhanni, kumdhania Mola mema. Lakini huko ni kumtegemea Yeye, hali ya kuwa macho yako wazi. Ndiyo maana yule bedui aliyeuliza kama amwachie Mungu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Niliyaweka haya katika ubeti mmoja:

Msiba usiukane, ukaubadili jina,
Na mfiwa mwandamane, si kumuhubiri sana,
Mikono mushikamane, mukae bila kunena,
Subira si kuukana, subira ni kukabili.

Basi kwa wale wenye watoto wanaojiandaa kwenda Ghuba: waombeeni dua na muwadhanie mema, na ngamia mumfunge. Katika nchi kadhaa za huko mfumo wa kafala bado humfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, japo umelegezwa mahali pengine. Mkataba usomwe kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mtu anayejua kusoma mikataba. Nakala ya pasi, nakala ya mkataba, jina la wakala, jina na simu ya mwajiri, na anwani ya nyumba atakayokaa, vyote vibaki nyumbani kwa mamake. Simu ikikatika wiki mbili, asisubiri mtu kuwaza mema. Aende na karatasi hizo ofisini, aulize, na asiondoke mpaka ajibiwe.

Na wale wanaokwenda kuhani, wachukue maji, wachukue chai, wakae.