Kitako cha Bunduki ya Mlinzi na Hatari ya Kitambaa cha Mafuta

Chama chenye bunduki ya kulindia ghala hakina budi kutunza kitako chake kama kinavyotunza mizani. Mti uliokosa mafuta hunyonya maji ya masika, ukavimba na hatimaye kupasuka.

Mwenye leseni huhakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, ndipo kitako kifunguliwe. Msasa huzungushiwa kipande cha ubao na kusugua kwa kufuata nyuzi za mti: namba 120, kisha 180, mwisho 240. Mahali mti unapokutana na chuma pasiguswe. Pakilika, kitako hulegea. Kisha mti hupanguswa kwa kitambaa chenye maji, na vinyweleo vilivyosimama vikikauka huondolewa kwa msasa laini.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hupakwa kidogo sana, yakasuguliwa kwa kiganja mpaka kiganja kipate joto, na yanayobaki juu yakafutwa. Mkono wa pili hungoja wa kwanza ukauke, siku nzima au zaidi. Mwenye haraka huishia na kitako kinachonata, kilichojaa vumbi.

Lakini hatari kubwa imo katika kitambaa. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa, na katika kukauka hutoa joto. Kitambaa kilichokunjwakunjwa na kutupwa pembeni huweza kuwaka chenyewe baada ya saa chache, bila kiberiti. Katika ghala la pamba, kinachoungua ni jasho la wanachama wote. Katibu na aagize vitambaa hivyo vitandazwe nje, kimoja kimoja, mpaka vikakamae, au vitiwe katika debe la maji lenye kifuniko.