Kidole cha Asdrubale

Mtoto wa kiume amebanwa kidole na kamba wa mtoni. Mdomo umempinda, nyusi zimekunjamana, mwili wote unaukimbia mkono ulioponzwa. Pembeni yake yupo msichana aliyemshika, anamtazama kwa uso ambao haujaamua kama umhurumie au umcheke. Ni mchoro mdogo wa chaki nyeusi juu ya karatasi, na leo umehifadhiwa katika makumbusho ya Capodimonte mjini Napoli, Italia. Aliyeuchora katikati ya miaka ya 1550 alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, Sofonisba Anguissola wa mji wa Cremona. Mtoto anayelia ni Asdrubale, ndugu yake wa pekee wa kiume katika nyumba ya watoto saba. Hoja ya makala hii ni kwamba mtu anayetaka kuwasimulia watoto maisha ya mchoraji wa enzi ya Renaisansi aanzie hapa, kwenye kidole hiki, na asianzie kwenye mwaka wa kuzaliwa wala kwenye sifa za kipaji.

Watoto wamezoeshwa njia nyingine. Giorgio Vasari, aliyechapisha kitabu chake cha maisha ya wasanii mwaka 1550, alisimulia jinsi Giotto, kijana mchunga kondoo, alivyokutwa akimchora kondoo juu ya jiwe na mchoraji mkubwa Cimabue, akachukuliwa, akawa bingwa. Ni hadithi tamu, na ndiyo imekuwa kalibu ya mamia ya hadithi zilizoifuata: mtoto ana kipaji, mkubwa anapita njia, mkubwa anashangaa, mtoto anatukuka. Ubaya wake ni kwamba kazi yenyewe haionekani. Msomaji wa miaka tisa anaambiwa kondoo alichorwa vizuri, haambiwi ugumu wa kumchora kondoo uko wapi. Anafunga kitabu akiamini kwamba kuna watu walioshushiwa neema na kuna wengine, na kwamba yeye, ambaye kondoo wake ana miguu mitano, yumo katika hao wengine.

Kilio cha Asdrubale kinafungua mlango tofauti, kwa sababu kilianza kama swali. Mwaka 1562 Tommaso Cavalieri, rafiki wa karibu wa Michelangelo, alimwandikia barua Cosimo de' Medici, mtawala wa Firenze. Alieleza kwamba Michelangelo alikuwa ameona mchoro wa Sofonisba wenye msichana anayecheka, akasema angependa kuona mtoto wa kiume anayelia, maana hilo ni gumu zaidi. Sofonisba akamletea huyu. Mwalimu au mzazi akifika hapa asikimbilie ukurasa unaofuata. Awaulize watoto: kwa nini kilio kiwe kigumu kuliko kicheko? Leonardo da Vinci alikwisha kuligusa jambo hilo katika maandishi yake juu ya uchoraji. Aliona kwamba macho, mdomo na mashavu ya anayecheka na ya anayelia hutofautiana kidogo mno, na kwamba siri kubwa imo kwenye nyusi. Hilo mtoto anaweza kulihakikisha mwenyewe mbele ya kioo, bila ada wala rangi. Kisha kuna ugumu wa pili, ambao mama yeyote anaujua: mtoto anayelia hatulii. Ukimtuliza ili umchore, kilio kimekwisha. Mchoraji hana budi kukiiba kwa jicho, akiweke kichwani, ndipo akishushe kwenye karatasi.

Tazama sasa Sofonisba alivyolijibu swali la Michelangelo. Angeweza kuchora uso peke yake, na uso wa peke yake ungebaki na utata, kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja Leonardo. Sofonisba akaleta kamba mwenye magando, na mara moja kila mkunjo wa uso ukapata sababu. Halafu akamweka msichana karibu, naye anaelekea kucheka. Michelangelo alitaka kilio; Sofonisba akampa kilio na kicheko bega kwa bega, kwenye karatasi moja, ili anayetazama apime mwenyewe. Mtu anayefikiri hivyo kwa chaki anastahili kusimuliwa kwa namna alivyofikiri. Najua pia swali ambalo watoto watauliza kabla ya yote: je, Asdrubale alibanwa kweli? Dada mtu alimkuta analia akachukua chaki, au alisubiri ajali, au, Mungu apishe mbali, aliitengeneza? Waachwe waulize. Swali hilo la haki kati ya mchoraji na mchorwa halijapata jibu hata kwa wapiga picha wa leo.

Atatokea wa kusema kwamba ushahidi ni mwembamba. Barua ya Cavalieri iliandikwa miaka kadhaa baada ya mchoro, na mtu wa tatu. Ni kweli, na mtoto aambiwe hivyo: "barua inasema." Lakini mwandishi wa barua hiyo hakuwa mpita njia. Mchoro ulikuwa mikononi mwake, na alimpelekea Cosimo pamoja na mchoro wa Cleopatra uliochorwa na Michelangelo mwenyewe, yaani kazi ya binti wa Cremona ilisafiri sambamba na ya bwana mkubwa. Tena zipo barua za Amilcare, baba yake Sofonisba, za miaka ya 1557 na 1558, akimshukuru Michelangelo kwa jinsi alivyomjali bintiye.

Wengine watauliza ukubwa wake uko wapi. Upo, na unasimuliwa upesi. Alifundishwa na Bernardino Campi, kisha na Bernardino Gatti. Mwaka 1559 alikwenda Hispania kwenye kasri la mfalme Filipo wa Pili, akawa bibi wa heshima wa malkia kijana Isabel, aliyempenda na kujifunza kuchora kwake. Picha ya mfalme aliyoichora iko katika makumbusho ya Prado, Madrid, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa kazi ya mwanamume. Aliolewa mara mbili, akafiwa na mume wa kwanza, akaishi Genova na Palermo. Mtoto akishajua habari ya kamba, mambo hayo yote yatamwingia, kwa kuwa sasa anamfuata mtu anayemfahamu.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii unatoka kwa Sofonisba mwenyewe. Julai 1624 mchoraji kijana wa Flanders, Anthony van Dyck, alimtembelea Palermo. Mwenyeji wake alikuwa ameshapita miaka tisini. Van Dyck alikuwa na miaka 25. Alimchora ajuza huyo katika daftari lake, ambalo sasa lipo British Museum, na pembeni ya mchoro akaandika aliyoyaona na kuyasikia. Mikono yake haikutetemeka. Akili ilikuwa nzima. Alimsimulia mambo ya maisha yake, na uchungu wake mkubwa ulikuwa kwamba macho yalikuwa yamefifia, hawezi tena kuchora. Na van Dyck alipokuwa anamchora, bibi alimwelekeza: usiuchukue mwanga kutoka juu sana, kivuli kitakuwa kikubwa kwenye makunyanzi ya uzee. Huyu alikaa na malkia na kumchora mfalme, lakini neno lake ambalo kijana aliona alichukue na kuliandika lilihusu mahali pa kuweka mwanga. Miaka sabini baada ya kilio cha Asdrubale, bado alikuwa anauangalia mkunjo wa uso na kuuliza unachorwaje. Jambo hilo nalo mtoto anaweza kulijaribu usiku huu kwa taa moja na uso wa bibi yake.

Pingamizi la mwisho ndilo zito, na sidhani linajibika lote. Sofonisba alikuwa binti wa ukoo wenye heshima. Alikuwa na baba aliyejua kuandika barua kwa wakubwa na kuwalipia mabinti walimu. Ndiyo, alizuiwa: wanawake wa zama zake hawakuruhusiwa kujifunza maumbile ya mwili kwa kuchora watu walio uchi, na kwa sababu hiyo picha kubwa za visa vya kale zilikuwa mbali nao, akabaki na nyuso za nyumbani, akazigeuza kuwa uwanja wake. Lakini jikoni na uani kwa watu wa Cremona walikuwamo wasichana wengine ambao hakuna aliyewapa hata kipande cha chaki. Hadithi ya watoto isilifiche hilo, maana Sofonisba mwenyewe hakulifuta machoni petu. Mwaka 1555 aliwachora wadogo zake Lucia, Minerva na Europa wakicheza sataranji, nao wamevaa hariri na dhahabu. Minerva ameinua mkono kama anayetaka kusema neno, na Europa anacheka waziwazi. Nyuma yao, pembeni, amesimama mtumishi mtu mzima aliyejifunga kitambaa kichwani, anautazama mchezo kwa makini yale yale. Uso wake umechorwa kwa uangalifu uleule uliotumika kwa mabinti, kila mstari wa umri ukiwa mahali pake. Kwenye ukingo wa ubao wa sataranji Sofonisba aliandika kwa Kilatini jina lake na la baba yake, kisha kwamba amewachora, kutoka sura zao halisi, dada zake watatu na mtumishi. Picha iko Poznań, Poland. Majina ya wale dada watatu tunayo.