Sababu za kupungua kwa samaki wa baharini Ulaya

KIASI cha samaki wanaovuliwa baharini na nchi 27 za Umoja wa Ulaya kimeshuka kwa robo karne sasa, ingawa sababu za kushuka huko hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hizo zilivua zaidi ya tani milioni tano kwa mwaka. Mwaka 2022 zilivua takriban tani milioni 3.4. Hispania ndiyo inayoongoza, lakini sehemu ya samaki wake hutoka mbali, wakiwamo jodari wa Bahari ya Hindi wanaovuliwa karibu na Shelisheli. Denmark nayo huvua kwa wingi samaki wadogo ambao hawafiki mezani, bali husagwa kuwa chakula cha mifugo na cha samaki wa kufugwa.

Sababu ya kwanza ni sheria. Kila Desemba mawaziri wa umoja huo hukutana Brussels na kupanga kiwango ambacho kila nchi inaruhusiwa kuvua. Mageuzi ya mwaka 2013 yaliwataka wazingatie ushauri wa wanasayansi, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hivyo, kuvua kidogo si lazima kuwe dalili ya bahari kuwa tupu.

Hata hivyo, ziko bahari zilizochoka kweli. Katika Baltiki ya mashariki, uvuvi wa chewa ulisimamishwa mwaka 2019 na haujafunguliwa tena. Wavuvi wa Poland na majirani zake wamebaki na boti zisizo na kazi.

Nje ya umoja huo, Norway huvua takriban tani milioni 2.5 kwa mwaka, na Iceland takriban tani milioni moja. Siri yao ni maji mapana. Iceland ilitangaza mipaka ya maili 200 mwaka 1975 na kuzifukuza meli za Uingereza. Lakini nao hawakusalimika: mgao wa chewa wa Bahari ya Barents, ambao Norway hugawana na Urusi, ulifika tani milioni moja mwaka 2013 na kushuka hadi tani 340,000 mwaka 2025, kiwango cha chini kabisa tangu 1991.

Jambo linalotia wasiwasi zaidi ni ugomvi wa vibua. Samaki hawa huhama kutoka maji ya nchi moja hadi nyingine, na kwa miaka mingi kila serikali imejipangia fungu lake. Jumla ya mafungu hayo imekuwa ikizidi kiwango kilichoshauriwa. Mwaka 2025 wanasayansi walipendekeza kiwango cha mwaka 2026 kipunguzwe kwa asilimia 70.

Kujitoa kwa Uingereza katika umoja huo kumeongeza mshiriki mwingine katika mgawanyo. Makubaliano ya Mei 2025 yameziruhusu meli za umoja kuendelea kuvua katika maji ya Uingereza hadi mwaka 2038.

Walaji wa Ulaya bado wanahitaji samaki wengi kuliko wanaovuliwa. Pengo hilo hujazwa na samaki wa kuagizwa, wakiwamo sangara wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo, kila mgao unapopunguzwa Brussels, mahitaji huhamia kwenye maji ya wengine, ambayo nayo yana kikomo chake.